Mazungumzo Juu ya Pikapu, Trela na Mizigo Mizito



Kila apitaye Kenyatta Avenue, katikati ya Nairobi, huona jinsi njia ile ilivyo pana. Husimuliwa tangu zamani ya kuwa ilipimwa hivyo ili gari lililovutwa na jozi nyingi za ng'ombe lipate nafasi ya kugeuka. Ng'ombe hao hawapo tena, lakini funzo lao lingalipo: chombo kinachovuta kingine nyuma yake hakigeuki wala hakisimami kama chombo kilicho peke yake. Siku hizi kazi ile hufanywa na pikapu yenye trela, ichukuayo saruji, mbao na matangi ya maji kutoka mjini na kupanda nayo Westlands, Kangemi na Uthiru mpaka Kikuyu, kisha ikashuka na mazao au kuni.

Watu wengi hudhani kuwa swali kubwa ni kama injini ina nguvu za kuvuta. Sivyo. Injini yaweza kuvuta mzigo ambao breki haziwezi kuusimamisha. Kutoka Kikuyu mpaka katikati ya Nairobi barabara hushuka zaidi ya mita 300, na katika mteremko mzigo wenyewe ndio unaoisukuma gari. Tena mwendo ukiongezwa mara mbili, kutoka kilomita 40 kwa saa mpaka 80, kazi ya breki haiongezeki mara mbili tu, bali mara nne. Na huko mbele, Kangemi na Westlands, kuna wanafunzi wanaovuka njia, wachuuzi, na wasukuma mikokoteni.

Jambo la kwanza, basi, ni kuujua uzito. Mfuko wa saruji una kilo 50. Hivyo mifuko 20 ni tani 1. Maji lita 1,000 ni tani 1 vilevile. Mchanga ulionyeshewa mvua ni mzito kuliko mkavu, ijapokuwa kwa macho fungu ni lile lile. Trela nayo ina uzito wake, nao sharti uhesabiwe. Dereva na asome kitabu cha gari kionyeshacho uzito uliokubaliwa na mtengenezaji, wala asiuzidi hata mwenye mali akimsihi. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye mali huuona mwepesi, lakini mwenye usukani ndiye atakayeulizwa.

Jambo la pili ni kuupanga mzigo. Vitu vizito viwekwe chini, na sehemu iliyo kubwa kidogo kuliko nusu ikae mbele ya ekseli ya trela. Uzito ukizidi nyuma, trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Ukizidi mno mbele, kiungo hukandamizwa, magurudumu ya mbele ya pikapu huwa mepesi, na usukani hautii vizuri. Kisha mzigo ufungwe kwa kamba imara na kufunikwa turubai, nayo kamba ikazwe tena baada ya mwendo mfupi, maana mzigo hujikalia safarini.

Jambo la tatu ni ukaguzi. Kiungo kiwe kimefungwa barabara, na minyororo miwili ipishane chini yake, ili kiungo kikikatika trela isiende zake. Taa za nyuma ziwake, na matairi yote yawe na upepo wa kutosha, pamoja na yale ya trela, ambayo husahauliwa mara nyingi.

Njiani, dereva mwenye busara huacha nafasi kubwa mbele yake, hasa katika mvua za Machi hadi Mei. Akifika kileleni huingiza gia ya pili kabla ya kushuka, si baada ya kushika kasi. Breki zikikanyagwa bila kuachiliwa huwaka moto na kuacha kushika. Katika mizunguko ya Uhuru Highway hukumbuka kuwa trela hukata kona kuliko pikapu. Na trela ikianza kuyumba, hakanyagi breki kwa ghafla wala hapigani na usukani. Huondoa mguu kwenye mafuta polepole, akashika usukani sawa mpaka mwendo upungue.

Gari likiharibika, vibao viwili vya pembetatu viwekwe njiani. Mawe yaliyozuia magurudumu yaondolewe kabla ya kuondoka, kwa kuwa jiwe lililoachwa barabarani laweza kumwua mwenye pikipiki usiku ule ule. Wala utingo asipandishwe juu ya mzigo. Kamba iliyofungwa kwa ajili ya saruji haimshiki mtu.

Mwisho, lawama isiwekwe juu ya dereva peke yake. Yeye alipwaye kwa safari hushawishika kubeba safari mbili kwa mara moja, na mwenye mali hufurahi kwa kuokoa petroli. Lakini safari ya pili ina bei inayojulikana, nayo hulipika. Mtoto aliyegongwa Kangemi hana bei. Afadhali saruji ifike jioni, na dereva afike nyumbani kwake.