Mtoto Mchanga Akikatika Pumzi



Mtoto mchanga hukatika pumzi, midomo ikageuka rangi, mwili ukalegea, punde akalia. Majirani husema, "Amekwisha pona." Hapo ndipo penye hatari. Kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili, jambo hilo huweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa ulioingia katika damu, mapafu au utando wa ubongo; na pengine hana homa, bali mwili umepoa. Apelekwe Litembo au Peramiho siku ile ile. Tena pumzi zake zikifika 60 kwa dakika naye ametulia, au mbavu zikibonyea, au akikataa ziwa, msingoje kuche.

Wazazi wengi huogopa sindano ya mgongoni. Lakini pasipo maji yale mganga atautambuaje ugonjwa wa utando wa ubongo?

Si kila mtoto huhitaji sindano hiyo. Mwaka 2016 waganga wa watoto wa Marekani waliandika kwamba aliyepita siku 60, aliyezaliwa kwa miezi yake, akapatwa mara moja tu, chini ya dakika moja, na mganga akimtazama amwona mzima, hana haja nayo. Ila kifaduro kikumbukwe: mtoto mdogo huenda asikohoe kabisa, pumzi hukatika tu.