Somo la Dini na Mzazi Asiyeulizwa



Hapa Mugunga, Goma, shule huchaguliwa kwa miguu. Mama anaangalia kama mtoto wa miaka sita ataweza kuvuka mawe ya volkano kila asubuhi, na kama bado kuna nafasi kwenye benchi. Imani inakuja baadaye. Ndiyo maana kalasi moja ya shule ya Kikatoliki ina Waprotestanti, Waadventista, wafuasi wa mhubiri Branham, Waislamu, na wengine ambao nyumbani kwao hakuna anayesali. Vita vimeongeza mchanganyiko huo: watu wa Masisi na Rutshuru walipokimbilia kambi za hapa, watoto wao waliingia shule iliyokuwa karibu.

Mgeni akisikia "shule ya Kikatoliki" hudhani ni ya binafsi. La, ni shule ya umma. Mwisho wa 1974 Rais Mobutu alizitwaa shule za makanisa, somo la dini likaondolewa, mahali pake pakawekwa siasa ya MPR, chama chake. Serikali ikashindwa kuziendesha. Tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mapatano na makanisa: Serikali italipa walimu, itaweka programu na itakagua, kanisa litasimamia shule na kufundisha dini yake. Waislamu nao baadaye wakapata shule zao kwa njia hiyo hiyo. Mpaka leo shule nyingi za umma nchini ziko mikononi mwa madhehebu.

Sina ugomvi na mapatano hayo. Padri wetu akiniuliza ni nani aliyepandisha kuta za shule hizi, na nani huzilinda wakati Serikali iko mbali, sina la kumjibu.

Ila Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 45, ina maneno machache ambayo tumeyaruka. Inasema shule zinaweza, pamoja na viongozi wa dini, kumpa mwanafunzi malezi yanayolingana na imani yake, wazazi wakiomba. Kwa aliyefikisha umri wa utu uzima, akiomba mwenyewe. Wakiomba! Mimi nimekaa kwenye meza ya kuandikisha watoto miaka mingi. Tunauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, la mama, avenue. Ombi la dini sijaliona kwenye fomu hata moja, kwa sababu fomu haiulizi.

Niseme kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nafundisha kalasi ya tano, nilitoa mtihani wa dini: andika Nasadiki yote, kanuni ya imani ya Kanisa. Kijana mmoja Mwislamu alirudisha karatasi yenye jina lake tu, limeandikwa vizuri, limepigiwa mstari kwa rula. Nikampa zero juu ya kumi. Katika hesabu hakuna aliyemfikia, lakini pointi za dini zilijumlishwa na nyingine, akashuka kutoka wa kwanza hadi wa tatu. Baba yake alikuja na buletini mkononi, akaisoma akiwa amesimama, akaniaga kwa adabu. Hakulalamika. Ingekuwa afadhali angelalamika.

Mtoto wa Kiadventista naye, shule ikifunguliwa Jumamosi, siku yake ya Sabato, anaandikwa hayupo. Na tusinyoosheane vidole: binti Mkristo katika shule ya Kiislamu ana swali kama hilo, la kitambaa cha kichwani.

Ninachopendekeza hakihitaji franga wala barua ya kwenda Kinshasa. Kwenye fomu ya kuandikisha uongezwe mstari mmoja: mzazi anaomba somo la dini ya shule hii, ndiyo au hapana. Anayekataa, mtoto wake apewe kazi ya uadilifu na uraia saa ile, ndani ya kalasi ile ile, asitolewe nje kama mwenye adhabu. Sala ya asubuhi iendelee, anayetaka kunyamaza anyamaze. Na mtihani upime kile mtoto alichofundishwa. Anachokiamini tusikitie pointi.

Mwaka jana nilijaribu swali hilo kwa mdomo. Mama mmoja, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, nilimuuliza anaomba mtoto afundishwe dini gani. Alinitazama, akacheka.

"Mwalimu, kwani mtu anaweza kuchagua?"

Nikamwambia ndiyo. Akavuta benchi, akakaa kwanza.