Sauti, Sura na Jina: Televisheni na Bendi Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mimi si mwanamuziki. Ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni mafaili. Lakini asubuhi hii kikundi cha shule kilipotupokea kwa ritungu, nilikumbuka deni la zamani, na nimeona nilitaje mbele yenu.

Wazee wetu walizijua bendi kwa redio. NUTA Jazz ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na watu wa Tarime na Mugumu ambao hawajawahi kuiona bahari waliziimba nyimbo zake, kwa sababu Radio Tanzania ilizirekodi bendi na kuzirusha nchi nzima. Redio ilitupa sauti. Sura ya mpigaji tulijichorea wenyewe.

Televisheni ilichelewa kufika. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Bara tulianza mwaka 1994, kwa vituo vya watu binafsi. Hapo bendi zikapata wasikilizaji wa aina nyingine. Twanga Pepeta walipoonyeshwa pamoja na wanenguaji wao, hata asiyependa muziki wa dansi alisimama kutazama, na aliyesimama kutazama akaishia kusikiliza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli wa Kagera aliimba Maria Salome kwa Kihaya, na watu wasiojua neno la Kihaya wakampenda. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautengeneza upya kwa jina la Salome, na vijana waliokuwa wachanga wakati wa wimbo wa kwanza wakamtafuta mwenyewe. Walimpata, kwa kuwa jina lake lilijulikana.

Sasa nisimulie deni langu. Tulipokuwa hapa shuleni, mzee mmoja kutoka upande wa Serengeti alikuwa akija kutufundisha ritungu. Alikuwa na subira, na nyuzi zake nane zilinguruma hata vioo vya bweni vikatetemeka. Miaka michache baadaye, nikiwa Chuo Kikuu Mlimani, jioni moja tulikuwa tumejazana mbele ya televisheni ya bweni. Ghafla nikamwona mzee wetu kwenye kioo! Chumba kizima kilinyamaza. Jamaa kutoka Mtwara, Iringa na Pemba wakauliza, “Chombo gani hicho? Nani huyo?” Maandishi chini ya picha yalisema tu: ngoma ya asili, Mara.

Mwenzetu mmoja alitaka kumwalika kwenye sherehe ya kwao, kwa malipo. Akaniuliza anampataje. Nilijua kijiji tu. Nikasema nitamwulizia nikienda likizo, kisha mitihani ikanishika, likizo ikapita. Nilipofika kwake, mzee alistaajabu kusikia kwamba alionyeshwa. Alikumbuka wageni waliokuja na kamera, wakamshukuru, wakaondoka. Hakuna aliyemwandika jina. Ile sherehe ilikuwa imekwisha zamani. Mzee sasa ni marehemu, na sijui kama ile picha ingalipo.

Ndugu zangu, kosa halikuwa la kamera peke yake. Sisi wanafunzi wake, tuliojua kusoma na kuandika, hatukumwandikia hata karatasi moja. Televisheni humfikisha mpigaji kwa watu elfu kwa dakika tatu. Dakika hizo zikipita, anayetaka kumwalika au kununua kazi yake lazima awe na jina la kuuliza na mahali pa kuuliza. Kikundi kisicho na jina huwapa watu burudani, kisha kinabaki na njaa yake.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa kikundi mambo matatu. Kwanza, kikundi kiwe na jina moja lisilobadilika, kisajiliwe Baraza la Sanaa la Taifa. Pili, kila wimbo uandikwe daftarini: nani aliutunga, nani anapiga, umetoka kijiji gani. Sheria ya hakimiliki tunayo, lakini haiwezi kumtetea mtu asiyejulikana. Tatu, akija mtu wa kamera, mkaribisheni kama mgeni, ila kabla hajapiga picha mpeni karatasi yenye majina na namba ya simu, na mwombe yasomeke kwenye kioo.

Nasi wa zamani tusiishie kupiga makofi. Gharama ya kusajili kikundi hiki naanza kuichangia mimi leo, na daftari la kwanza nimekuja nalo. Ukurasa wa kwanza nimeshaujaza: jina la mzee wetu, kijiji chake, na nyimbo nne ninazozikumbuka. Anayekumbuka ya tano aje aiandike kabla hatujaagana.