Si Kila Kichwa Kuuma ni Malaria



Huku Temeke na Kinondoni, mtu akiumwa kichwa huambiwa ni malaria. Apimwe, ndiyo, lakini mwenye saratani sugu ya damu aina ya mieloidi tusiishie hapo. Chembe nyeupe zikizidi mno, damu hupita kwa shida katika mishipa midogo ya ubongo, macho na masikio. Mgonjwa huona ukungu, hupungukiwa usikivu, huchanganyikiwa, hata hupooza. Hajarogwa. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hupunguza chembe hizo, ila humezwa kila siku. Nauli ya kwenda Muhimbili isimkoseshe mtu dozi. Hapo ndipo usharika uingie.