Maneno ya Kujifanya Mtu Mwingine

Maneno ya kujifanya ni mengi, wala hayalingani uzito. Ajitiaye hamnazo amesikia ila hataki kujibu. Huyo hadhuru, ingawa amwitaye hukasirika. Ajisingiziaye ugonjwa akimbia jembe. Lakini ajifanyaye mtumishi wa serikali akawatoza watu ni ayari, na katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya amewekewa kifungu cha 105. Atwaaye jina la mwingine, aliye hai au aliyekufa, kwa nia ya kulaghai, yumo katika kifungu cha 382. Basi mjane aliyechukuliwa mbuzi, akiulizwa mahakamani, asiseme tu kwamba yule mtu “alijidai.” Kujidai ni kujivuna pia, na majivuno hayana kifungu. Na aseme: “Alijifanya mtoza kodi, akamchukua mbuzi wangu.”