OFISI ZA MAAFA NAZO ZIFANYE MTIHANI



Leo sikuja kuwaimbia nyimbo za majukwaani. Nina swali moja. Wewe dereva wa bodaboda, usiku huu ukisikia shimo la dhahabu limefukia wachimbaji, au boti imepinduka Ziwa Tanganyika, utampigia nani? Zimamoto ni 114, hilo tunalijua. Lakini baada ya simu? Anayekuja ana kamba, koleo na mafuta kwenye gari, au ana muhuri tu?

Msiseme nawatisha. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Watu walinaswa ndani wakiwa hai. Meli ikatobolewa ili watolewe. Hewa ikatoka, ikazama nao. Wazamiaji wakaja kutoka Afrika Kusini. Hesabu ya serikali ikasema waliokufa ni 894. Huruma siku ile ilikuwepo tele. Maandalizi hayakuwepo.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ikaanguka katika ziwa lile lile, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao! Watu 24 walinusurika, 19 wakafa.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata hadi kijiji. Sawa. Nani anazipima kamati hizo kabla ya balaa? Tukiacha mafuriko yawe ndiyo msimamizi wa mtihani, majibu tutayasomea makaburini.

Marekani wana mpango uitwao EMAP. Ofisi ya maafa ya jimbo au mji huomba yenyewe kupimwa, hailazimishwi. Hujikagua kwanza, kisha wanakuja wenye kazi hiyo hiyo kutoka kwingine, wanafungua mafaili na kudai ushahidi. Ikifaulu inapata ithibati ya miaka mitano, kisha inarudi kwenye chumba cha mtihani.

Wala hili si geni kwetu. Zahanati na vituo vya afya vilianza kupimwa kwa nyota mwaka 2015, na vingine vikaambulia sifuri. Sifuri ile ilionyesha pa kuanzia. Iweje ofisi ya maafa isipimwe?

Mtaniuliza: kigogo gani atajipeleka kwenye mtihani kwa hiari yake? Hapo ndipo penye utamu. Atakayekataa kupimwa atakuwa ameshajibu.

Basi mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Usikae nyuma ukichezea simu. Simama uulize: Orodha ya vifaa vya uokoaji iko wapi? Zoezi la mwisho lilifanyika lini? Fungu la maafa ni shilingi ngapi? Usiku zamu ni ya nani? Kisha dai Manispaa ya Mpanda iwe ya kwanza Katavi kuomba kupimwa.

Ila tuwe macho, cheti kisigeuzwe ulaji wa semina na posho. Wakaguzi watoke mkoa mwingine, na matokeo yabandikwe ubaoni, hata kama ni sifuri.

Maana siku ya balaa, atakayeambiwa "kijana, shika hapa tubebe" ni wewe. Una haki ya kujua leo utabeba kwa machela au kwa khanga ya mama yako.