Leseni ya Muuza Pikipiki na Fedha za Chama
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mkulima wa Shume anayelima viazi mviringo, kabichi na karoti hana budi kuyafikisha mazao yake sokoni kabla hayajaharibika. Njia za mashambani ni nyembamba na zina miteremko mikali, na mvua za masika huzigeuza kuwa matope. Pale ambapo lori halifiki, pikipiki ndiyo ibebayo gunia hadi kwenye barabara iendayo Lushoto. Kwa sababu hiyo fedha nyingi za wanachama, na wakati mwingine za chama chenyewe, huishia mikononi mwa wauzaji wa pikipiki. Yafaa basi kuuliza: muuzaji huyo ni nani, na anauza kwa idhini ya nani?

Swali hili haliulizwi Usambara peke yake. Nchini Marekani, pikipiki na magari madogo ya magurudumu manne yapitayo nje ya barabara hutumika sana kwa starehe. Hata hivyo serikali haikuyaacha yauzwe kiholela. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1971 ya kuyasajili na kuyasimamia magari ya namna hiyo. Muuzaji wake lazima awe na leseni ya idara ya magari ya jimbo, na kabla ya kuipata huweka dhamana. Kwa muuzaji wa pikipiki na magari hayo madogo peke yake, dhamana hiyo ni dola 10,000. Mnunuzi akidhulumiwa, ipo fedha ya kumfidia.

Nchini Tanzania, msingi wa jambo hili ni Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972. Sheria hiyo inakataza mtu kufanya biashara bila leseni, na leseni huonyesha aina ya biashara na mahali inapofanyiwa. Leseni hiyo yenyewe si dhamana ya fedha. Faida yake kwa mnunuzi ni kwamba muuzaji ana jina, ana mahali pake, na anajulikana serikalini. Dalali anayekutana na mnunuzi gulioni hana hata kimoja cha hivyo. Akiondoka, ameondoka na fedha.

Hasara yaweza kuwa kubwa. Chukua mfano wa chama kinachomkopesha mwanachama fedha za kununua pikipiki iliyokwisha tumika. Bei ni nafuu, naye muuzaji anaahidi kuleta kadi baadaye. Miezi inapita, kadi haiji. Siku moja polisi wanakikamata chombo, na mwenyewe halisi anajitokeza. Kwa kawaida, chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, mnunuzi hapati haki kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo muuzaji. Aliyeuziwa mali ya wizi hukosa mali, na deni la chama hubaki palepale. Fedha hizo ni jasho la wanachama wote, ilhali aliyenunua ni mmoja.

Kwa hiyo, kabla chama hakijatoa fedha, katibu na ahakikishe mambo yafuatayo.

Kwanza, aombe kuonyeshwa leseni ya biashara, na alinganishe jina na mahali palipoandikwa na duka lenyewe. Akiwa na shaka, amwone Afisa Biashara wa Halmashauri.

Pili, alinganishe namba ya injini na ya chesisi zilizomo katika kadi na zile zilizogongwa kwenye chombo. Tarakimu moja ikitofautiana, ununuzi usimame.

Tatu, malipo yapelekwe benki kwa jina la muuzaji mwenye leseni, wala si katika simu ya mtu wa kati. Risiti halali idaiwe siku hiyo hiyo.

Nne, umiliki uhamishwe katika Mamlaka ya Mapato. Kukabidhiwa funguo hakutoshi. Chombo cha chama kiandikwe jina la chama, wala kisiandikwe jina la mwenyekiti au la katibu, kwa kuwa viongozi hubadilika.

Tano, kama chombo kinanunuliwa kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo, mkataba uandikwe, na ueleze ni nani anayeshika kadi, malipo yanakwisha lini, na inakuwaje mnunuzi akichelewa. Wako vijana wanaolipa kwa muda mrefu, kisha wakanyang'anywa chombo kwa kuchelewa majuma machache, kwa sababu mapatano yalikuwa ya mdomo tu.

Aidha, usajili wa chombo haumpi mtu ruhusa ya kuchukua abiria kwa malipo. Kazi hiyo ina leseni yake, ambayo tangu mwaka 2019 iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Mwanachama anayekopa ili afanye biashara ya bodaboda aijue gharama hiyo kabla hajatia sahihi.

Chama nacho kina mipaka yake. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mkutano mkuu huweka ukomo wa madeni, na Mrajis huuidhinisha. Katibu asiahidi kwa muuzaji kile ambacho wanachama hawajakikubali.

Wapo watakaosema kwamba hatua hizi zinachelewesha kazi wakati viazi vinaoza shambani. Ni kweli zaweza kuchukua siku kadhaa na nauli ya kwenda Lushoto na kurudi. Lakini nauli hiyo ni ndogo mbele ya deni la chombo ambacho si chako. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nakala ya leseni, risiti, mkataba na kadi zihifadhiwe katika jalada la chama, na mwanachama yeyote atakayetaka kuziona aonyeshwe.